Walioiona Zebaki Kabla Haijafika

Wiki ya mbalamwezi mwalo wa wavuvi hulala. Dagaa hawafuati taa za wavuvi wakati mwezi wenyewe umewaka juu yao, kwa hiyo mitumbwi huvutwa mchangani, na wanaume waliozoea kulala mchana hubaki wamekaa wakitafuta la kufanya. Ndiyo maana Odeta, binti wa fundi Otuoma, hakupata shida kukusanya watu Jumatatu ile ya Novemba. Alikuwa amewaambia kwamba sayari ya Zebaki itapita mbele ya jua mchana kweupe, na kila mwenye macho ataiona kama nukta nyeusi.

"Zebaki ile ya kusafishia dhahabu?" aliuliza Khalidi, dereva wa bodaboda.

"Jina tu, kaka. Hii ni sayari, kama hii tuliyoikanyaga, ila ndogo. Iko karibu na jua kuliko sisi."

"Basi ikimaliza kupita uielekeze Geita. Kule ina soko."

Watu walicheka, na Odeta akacheka nao. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, ualimu wa fizikia na hesabu, na bado alikuwa anasubiri ajira kama wenzake wengi. Lakini hakuwa mtu wa kusubiri amekunja mikono. Alikuwa ameona jinsi watoto wa wavuvi pale ufukweni, upande wa Pasiansi, wanavyorudi kutoka shule na madaftari yasiyoandikwa kitu kwenye somo la sayansi, na akawa ameona pia kwamba karibu na ofisi ya mwalo kuna ghala la nyavu lisilotumika, lenye mabenchi na dirisha linalotazama ziwa. Alitaka kufundisha humo kila alasiri, bure.

Mwenye ufunguo wa ghala alikuwa Mzee Masele, mwenyekiti wa mwalo. Zamani alikuwa mshika usukani kwenye kivuko cha Kigongo, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuamuru malori yasogee nyuma. Alipoombwa ghala alimtazama Odeta kwa muda, akasema, "Wasomi wengi wamekuja hapa na maneno, mwanangu. Tuonyeshe kitu kimoja cha hiyo elimu yako, tukione kwa macho yetu. Tukikiona, ghala lako."

Odeta alifurahi mno, kwa sababu kalenda ilikuwa upande wake. Alipokuwa sekondari aliwahi kuiona Zuhura ikipita mbele ya jua asubuhi na mapema, kupitia kioo cheusi ambacho baba yake huvaa akichomelea vyuma. Nukta yake ilikuwa nzito, haikuhitaji kuelekezwa. Siku ile ndiyo iliyompeleka kwenye fizikia. Sasa Zebaki nayo ilikuwa inakuja. Akanakili saa kutoka kwenye mtandao: kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Yaani saa sita na nusu na ushee za mchana.

Fundi Otuoma, kwa heshima ya siku hiyo, aliifungua karatasi ya kioo kipya kabisa mbele ya watu, akakiweka kwenye fremu yake badala ya kile cha zamani kilichojaa matone ya chuma. "Mtazame kwa hiki," alisema. "Hamna mtu wa kutazama jua kwa macho makavu hapa, wala kwa filamu za eksirei. Macho hayana spea."

Saa ilipofika, Odeta alitazama wa kwanza. Jua lilikuwa karibu utosini. Ilimbidi akunje shingo mpaka ikauma. Kwenye kioo lilionekana la kijani, safi kama sahani iliyooshwa. Alitafuta ukingoni, akatafuta katikati. Hakuona kitu. Akaangalia simu yake: saa ilikuwa imepita. Akatazama tena. Huenda ni macho yangu, aliwaza. Huenda ni haraka. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kusukumana, na Mzee Masele alikuwa amenyoosha mkono.

Mzee alikipokea kioo, akasimama miguu imeachana kama yuko melini. Alitazama kwa muda mrefu hata watu wakanyamaza.

"Ile pale," alisema mwishowe. "Juu kidogo, upande wa kushoto. Nyeusi tii." Akashusha kioo, akamgeukia Odeta mbele ya mwalo mzima. "Si ndiyo hiyo, mwalimu?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu kabla ya siku hiyo. Na yule alikuwa mzee wa watu, mbele ya watu wake.

"Ndiyo, mzee," alisema Odeta. "Ndiyo hiyo."

Baada ya hapo kila mtu aliiona. Bi Sihaba, mama yake Khalidi, muuza vitumbua, alisema ni kama punje ya pilipili manga. Mvuvi mmoja alisema inatembea. Mwingine akasema haitembei, wewe ndiye unayetikisika, punguza kahawa. Khalidi alitazama akasema anaona mbili, dume na jike. Hata fundi Otuoma alitazama, akaitikia kwa kichwa polepole na kusema, "Naiona." Mzee Masele akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kutangaza kwamba mtoto wa fundi ameahidi na ametimiza, na kwamba kesho yake atakabidhiwa ufunguo wa ghala.

Watu walitawanyika wakiwa na furaha. Odeta alibaki na kioo mkononi. Akatazama tena, peke yake. Jua lilikuwa safi vilevile.

Alikuwa bado amesimama pale simu ilipoita. Alikuwa Najat, rafiki yake wa chuo, aliyekuwa akijitolea kufundisha Tabora.

"Mmejiandaa?" aliuliza Najat. "Darubini umepata?"

"Darubini ya nini? Tumeshaiona na kioo cha kuchomelea."

"Mmeiona nini, shoga yangu? Bado saa tatu nzima. Ile saa uliyonitumia ni ya Griniwichi. Hukuongeza tatu?"

Odeta alikaa kwenye ubavu wa mtumbwi.

"Halafu kioo peke yake hakitoshi," aliendelea Najat. "Ile si Zuhura. Ni ndogo sana, macho matupu hayaikamati hata ukivaa vioo kumi. Tafuta darubini, uangushe picha ya jua kwenye kitambaa cheupe. Odeta? Upo?"

"Nipo."

"Sasa hao watu wako wameona nini?"

Odeta aliaga akakata simu bila kujibu. Alimkuta baba yake karakanani, anapiga msasa mlango wa geti.

"Baba, saa sita ulipotazama uliona nini?"

Fundi Otuoma aliendelea na msasa wake. "Niliona jua."

"Ulisema unaiona Zebaki."

"Mwenyekiti alikuwa amesema anaiona. Na wewe msomi ukasema ndiyo hiyo. Mimi ni nani nije kupinga macho ya mwenyekiti kwenye mwalo wake na elimu ya mwanangu kwa siku moja?" Akapuliza vumbi la kutu. "Kuna nini?"

Alimweleza yote. Baba yake alisikiliza, akaweka msasa chini, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "ghala umepata. Watoto watasoma. Watu wameondoka na furaha yao. Nani ameumia?"

"Hakuna."

"Basi. Ukienda leo kusema hapakuwa na kitu, humwambii kila mtu kwamba wewe umekosea saa. Unamwambia kila mtu kwamba Mzee Masele ni mwongo. Na ghala ni lake."

Odeta alijua baba yake anasema kweli. Alilifikiria lile ghala, dirisha lake, mabenchi yake. Akajiona amesimama mbele ya watoto, siku ya kwanza, anawafundisha jambo la kwanza la sayansi: tazama, kisha sema ulichokiona. Mmoja wao angekuwa mtoto wa mtu aliyekuwa kwenye foleni ile. Angewatazama usoni vipi?

"Nitamwambia yeye kwanza," alisema. "Pembeni. Halafu nitamwomba darubini."

Kwa maana darubini ilikuwa moja tu pale ufukweni, ile ya macho mawili ya Mzee Masele, ya tangu enzi za kivuko, aliyoitumia kutazama mitumbwi inayochelewa kurudi. Odeta alimkuta kwenye kibaraza cha ofisi ya mwalo, anacheza drafti, wanaume sita wamemzunguka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hawa nawaeleza kuhusu ile nukta. Huyu anabisha, ati haikuwa kushoto."

"Nilikuwa na neno na wewe, mzee. Kama unaweza kusogea kidogo."

"Sema tu, hapa hakuna mgeni."

Alizitazama zile nyuso sita. "Nilitaka kuazima darubini," alisema. "Alasiri, kwenye saa tisa na nusu, Zebaki itaonekana vizuri zaidi. Tutaiangusha picha ya jua kwenye shuka, watu waione wote kwa pamoja."

"Ah, mara ya pili? Nitaileta mwenyewe."

Odeta aliondoka akijichukia. Alikuwa ameongeza uongo juu ya uongo, tena kwa adabu.

Karakana ya Otuoma ina mlango mpana unaotazama magharibi, ziwani. Fundi alikata vipande vya chuma, akachomelea stendi ya miguu mitatu yenye kibanio juu, haraka kama mtu anayemtengenezea mtoto kigari. Bi Sihaba alitoa shuka jeupe la wageni. Wakafunga nusu ya mlango kwa turubai ili ndani kuwe na giza kidogo. Jicho moja la darubini wakaliziba kwa utepe wa gundi, na Odeta akasimama karibu nalo kama askari, kila mtu akionywa asithubutu kuchungulia kwenye kile chombo, kwa sababu kingemla jicho kwa kufumba na kufumbua.

Alipoielekeza sawasawa, duara la mwanga lilitokea kwenye shuka, kubwa kiasi cha kisahani cha chai, linatetemeka kidogo. Watu waliguna. Wengine hawakuamini kwamba ni jua lenyewe, mpaka ndege alipokatiza, mkubwa, miguu imening'inia nyuma, akapita juu ya duara lote kutoka upande huu hadi ule.

"Zebaki hiyo," alisema Khalidi.

"Korongo huyo, mjinga wewe," alisema mama yake. "Nyamaza."

Kisha hapakuwa na kitu kwa muda. Duara lilikuwa tupu, na kila mtu aliona kwamba ni tupu. Odeta alihisi utupu ule ukienea karakanani. Mtu mmoja alianza kusema, "Mbona ile ya mcha..." akaishia hapo. Hakuna aliyemmalizia.

Ndipo ukingo wa jua ulipopata dosari. Ilikuwa ndogo sana, kama mtu ameudonoa kwa ncha ya kalamu. Odeta hakuonyesha kwa kidole. Alitaka waione wenyewe. "Pale," alinong'ona mtu. "Pale chini." Dosari ikazama ndani polepole, ikajitenga na ukingo, ikawa nukta. Nukta ya duara, nyeusi, iliyokamilika, ndogo kuliko punje ya ulezi, na nyuma yake jua lote. Duara lilipotetemeka, nukta nayo ilitetemeka mahali pake. Haikuwa vumbi la shuka wala la kioo.

Bi Sihaba aliweka mkono kifuani. Wavuvi ambao usiku hutazama nyota ili kujua saa za kurudi walikuwa wamesogea karibu, vichwa vimegusana.

Mzee Masele alisimama mbele kabisa, mikono nyuma. Baada ya muda alizungumza bila kugeuka, kwa ile sauti yake ya kivukoni isiyojua kunong'ona.

"Mwalimu. Hii imeingia sasa hivi. Tumeiona ikiingia."

"Ndiyo, mzee."

"Basi ile niliyoiona saa sita ilikuwa nini?"

Khalidi ndiye aliyewahi kujibu, na alijibu kwa upendo. "Mzee, vile vioo vya fundi huwa vina matone. Cheche zikiruka zinaganda. Lazima uliona tone la chuma."

Karakana nzima ikaitikia kwa nguvu. Ee, matone. Ni matone hayo. Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa, pana kabisa, na Odeta alitakiwa tu kuitikia kwa kichwa. Alimtazama baba yake. Fundi Otuoma alikuwa anaangalia viatu vyake. Yeye na Odeta walijua kioo kilitoka wapi mchana ule, na wote waliokuwapo walikiona kikitolewa kwenye karatasi.

"Kioo kilikuwa kipya," alisema Odeta. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Saa sita hapakuwa na kitu mbele ya jua, mzee. Nilinakili saa za nchi nyingine nikasahau kuongeza. Mimi nilitazama wa kwanza na sikuona kitu. Uliponiuliza nikasema ndiyo hiyo. Nilidanganya, kwa sababu niliogopa."

"Sikuulizi wewe uliona nini," alisema Mzee Masele. "Nauliza mimi niliona nini."

"Hukuona kitu, mzee."

Kisha Bi Sihaba akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Maana mimi niliona kijani kitupu. Watu wote wanaiona, mimi siioni. Nimekwenda nyumbani nikanawa macho kwa maji baridi mara ngapi sijui, nikajiambia, Sihaba, tayari, mtoto wa jicho huyo."

"Mimi nilisema inatembea," alisema yule mvuvi, "kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na shingo inauma."

"Na wewe na mbili zako," Bi Sihaba alimgeukia mwanawe, "dume na jike. Mungu anakuona."

Kicheko kikalipuka, cha watu waliotua mzigo. Mzee Masele hakucheka. Aliitazama ile nukta kwa mara nyingine, kwa muda, kama mtu anayekariri sura ya mgeni. Kisha akavaa kofia yake.

"Darubini iache hapo mpaka jua lizame," alimwambia Odeta. "Kesho utairudisha." Akatoka, na watu wakampisha.

Walibaki hapo hadi jioni. Watoto waliotoka shule walipitishwa mbele ya shuka mmoja mmoja, na Odeta akawauliza kila mmoja swali lilelile, unaona nini, na kumsubiri ajibu mwenyewe. Mmoja alisema anaona shuka la mama Khalidi lina tundu. Odeta alimwambia asogee, aangalie kama tundu hilo linabaki pale pale shuka likivutwa. Nukta ilikuwa bado ndani ya jua lilipoingia nyuma ya vilima vya ng'ambo. Alikunja shuka. Alikuwa na furaha na huzuni kwa wakati mmoja, na hakujua ipi ni kubwa. Ghala alikuwa ameshaliaga moyoni.

Asubuhi alimkuta Mzee Masele peke yake kibarazani, anafumua fundo kwenye wavu. Alimwamkia, akaweka darubini juu ya meza.

"Kaa," alisema mzee.

Alikaa.

"Tangu jana wananitania. Khalidi ananiita Mzee Zebaki. Asubuhi hii mke wangu ameniuliza kama chai naiona."

"Nisamehe, mzee."

"Unaniomba msamaha kwa kusema kweli au kwa kusema uongo? Usinichanganye."

"Kwa uongo," alisema Odeta. "Ule wa saa sita. Na nilipokuja hapa kuomba darubini, nilikuwa nimekuja kukwambia. Nikashindwa."

Mzee alivuta uzi, ukakataa, akaulegeza. "Mjukuu wangu akija kusoma kwako, akakosea hesabu, utamwambia amekosea?"

"Nitamwambia."

"Mbele ya wenzake?"

"Nitajitahidi iwe pembeni."

"Mimi uliniambia mbele ya wenzangu."

"Wewe uliniuliza mbele ya wenzako, mzee."

Mzee Masele alimtazama kwa ukali, kisha ukali ule ukashindwa kukaa usoni. Akarudi kwenye fundo lake.

"Ungeniambia pembeni ningekukatalia," alisema. "Ningesema macho haya yamevusha watu usiku wa ukungu bila kugonga mwamba, leo mtoto wa juzi ayafundishe kuona? Ningekukatalia, na ghala ningekupa, na wewe ungekaa humo unanidharau." Fundo likafumuka. Aliunyoosha uzi juu ya goti lake. "Nilitaka iwepo, unajua. Nilitazama sana. Nilitaka uwe umesema kweli."

Mzee alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo uliofungwa kamba ya wavu, akausukuma mezani.

"Kufuli lina kutu. Likigoma usililazimishe, tia mafuta ya taa usubiri."

"Asante, mzee."

"Na siku ya kwanza wahadithie hao watoto habari ya saa sita. Wajue mtu anaweza kuona kisichokuwapo kwa sababu tu mwenzake amekiona. Ila usinitaje jina."

"Sitakutaja."

Mzee Masele aliwaza kidogo, akitazama watu wanaokumba maji mitumbwini.

"Au nitaje," alisema. "Watakuwa wameshasikia."